Je, digrii ya uchumi ilimsaidia Kibaki ama ilikuwa bahati tu?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa uchumi mwaka wa pili. Kwa ufupi anasema hivi: nyumbani wazee wanamwambia Kenya ilinawiri wakati wa Mwai Kibaki kwa sababu rais alikuwa mchumi, lakini rafiki yake darasani anabisha, anasema Moi, rais aliyemtangulia, aliacha uchumi ukiwa umelala chini kabisa kwa hivyo hata nani angeingia 2003 ungeinuka tu, na ati kama Kibaki alikuwa mchumi mzuri mbona zile vurugu za uchaguzi wa 2007 zilitokea. Anataka kujua nani yuko sawa, na kama kusomea uchumi kunamsaidia mtu kutawala ama ni pambo la CV.

Mdogo wangu, asante kwa swali, na usigombane na rafiki yako bado. Wacha nikupe jibu mapema ndio usichoke kungoja: wazee wako wana nusu na rafiki yako ana nusu. Uchumi ulimsaidia Kibaki, tena sana, lakini ulimsaidia zaidi kujua ni vitu gani serikali iachane navyo. Na hiyo tabia ya kuachana na vitu ndiyo hiyo hiyo iliyomletea balaa. Ukishika hapo mengine yote yanaelezeka.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe, maana vijana wengi wanamjua kwa ile "pumbavu" yake tu. Alizaliwa 1931 Othaya, Nyeri, akasoma Mang'u, akaenda Makerere akamaliza 1955 na daraja la kwanza, akafanya kazi kidogo na Shell kule Uganda upande wa mauzo (fikiria Kibaki anakuuzia mafuta), halafu akapata skolashipu ya London School of Economics akasomea fedha za umma. Hapo kwa fedha za umma weka alama, tutarudi. 1958 akarudi Makerere kufundisha uchumi, na 1960 akaacha hiyo kazi ya heshima zake akaja Nairobi kuwa afisa mtendaji wa KANU, chama ambacho ndio kwanza kilikuwa kinazaliwa. Uhuru ulipokuja 1963 akawa mbunge wa Nairobi na akaingizwa Hazina kama naibu, kijana wa miaka 32 hivi. Siasa ya kupiga magoti kwa wapiga kura haikuwa damu yake, nakwambia. 1969 mpinzani wake Jael Mbogo alimtoa jasho kwelikweli pale jimbo la Bahati, Nairobi, na 1974 akaamua kurudi zake nyumbani Othaya akagombee huko, na huko hakusumbuliwa tena mpaka anastaafu.

Sasa kuna karatasi moja ya 1965 ambayo kila mwanafunzi wa uchumi Kenya anatakiwa aisome, inaitwa Sessional Paper nambari 10, ile ya ujamaa wa Kiafrika. Jina lake lisikudanganye, ujamaa mle ndani utautafuta na tochi. Ilitoka kwa wizara ya Tom Mboya, na Kibaki anatajwa kila mara kati ya vichwa vilivyoipika. Aya ya 133 inasema, kwa maneno yangu, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo, halafu faida ikipatikana ndio isaidie kwingine. Ukiwa darasani hiyo ni hesabu safi kabisa, mwalimu anakupa alama zote. Ukiwa Mandera ama Turkana, kule kaskazini kukame, hiyo ni barua ya kukuambia ungoje, na waliambiwa wangoje karibu miaka hamsini. Nitarudi pia hapo, kwa sababu kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko zote kwa maisha ya huyu mzee.

Kutoka 1969 hadi 1982 akawa Waziri wa Fedha. Miaka 13! Akapita na mshtuko wa mafuta wa 1973, akapita na ule wa 1979, na katikati yake baridi kali ikaua kahawa ya Brazil 1975 bei ya dunia ikapaa. Hapo ndio unaona mchumi wa aina gani. Nchi nyingi za Afrika bodi za mazao zilikamata hizo pesa zikamwachia mkulima makombo, Kenya mkulima wa kahawa aliachiwa sehemu kubwa ya bei mfukoni mwake. Matokeo yake watu wakajenga nyumba za mawe na kusomesha watoto, lakini pia serikali ikalewa, ikaongeza matumizi kana kwamba Brazil itaganda kila mwaka, bei iliposhuka matumizi hayakushuka, na 1980 tukawa kati ya nchi za kwanza kuchukua mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha uchumi. Wanaomsifu husahau hiyo sehemu. Alikuwa waziri mwenyewe.

Miaka ya Moi nitaipita haraka. Makamu wa rais 1978 hadi 1988, akashushwa akapelekwa Wizara ya Afya, akameza, akakaa kimya, Desemba 1991 vyama vingi viliporuhusiwa akatoka akaanzisha chama chake cha DP. Watu walimcheka kwa sababu muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amesema kuitoa KANU ni kama kukata mugumo, ule mti mkubwa, kwa wembe. 1992 akawa wa tatu, 1997 wa pili, 2002 akashinda na muungano wa vyama wa NARC akiwa kwa kiti cha magurudumu baada ya ile ajali ya barabarani ya tarehe 3 Desemba.

Haya, tuingie 2003, na hapa nataka ukae vizuri kwa sababu ndio jibu la rafiki yako liko.

Ni kweli uchumi 2002 ulikua kwa karibu nusu asilimia tu, na ni kweli kwamba ukianzia chini kupanda ni rahisi. Lakini jiulize kwa nini ulikuwa umelala. Miaka ya tisini wafadhili walifunga mfereji, serikali ikawa inakopa hapa hapa nyumbani, tena mikopo ya muda mfupi, zile hati za siku 91, kwa riba iliyokuwa inapita asilimia 20 kwa miaka mingi. Sasa wewe jifanye meneja wa benki. Mama mboga anakuja anataka elfu ishirini, hana hati ya shamba, hana mdhamini, na serikali inakuja inataka mabilioni, inalipa asilimia 20 na kitu na haiwezi kukosa kulipa. Utampa nani? Benki zilikuwa zimestarehe, hazihitaji mteja, mlangoni unaambiwa uweke kiasi kikubwa ndio ufunguliwe akaunti na salio likishuka unakatwa. Biashara ndogo zikanyongwa polepole na hakuna aliyeona mkono uliokuwa shingoni, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa wa serikali.

Mwaka 2003 riba ya hizo hati za siku 91 ikaanguka hadi chini ya asilimia 2. Soma tena hiyo sentensi. Kutoka ishirini na kitu miaka ya tisini hadi chini ya mbili! Benki zikaamka asubuhi zikakuta ile karamu imeisha, na ghafla zikaanza kutafuta watu, vijana wenye tai wanasimama barabarani na fomu wanakuomba ufungue akaunti, walimu wanapewa mikopo bila dhamana, wanalipia kwa payslip. Equity ambayo ilikuwa imeanza 1984 kama taasisi ya mikopo ya nyumba huko Murang'a ikageuka benki kamili mwisho wa 2004. Sisemi riba peke yake ndiyo ilifanya hivyo, walikuwa na akili zao na walikuwa wameanza mbio kabla ya hapo, lakini uwanja wa kuchezea ulibadilika kabisa.

Sasa, je, huyo alikuwa Kibaki? Hapa nitakuwa mkweli, kazi ya kubadilisha deni la ndani kutoka hati za muda mfupi kwenda za miaka mingi ilikuwa imeanza 2001, Moi akiwa bado Ikulu. KRA yenyewe, mamlaka ya kukusanya kodi, iliundwa 1995. Ule udhibiti wa fedha za kigeni ulitolewa miaka ya tisini. Kwa hivyo rafiki yako ana pointi, mashine nyingi zilikuwa zimeshanunuliwa. Ila mashine kuwa ndani ya stoo na mashine kufanya kazi ni vitu viwili. Kilichokosekana ni mtu juu ambaye hatapiga simu. Kodi Kenya ilikuwa inavuja kwa simu, kontena fulani liachwe lipite, kampuni fulani isisumbuliwe. Kibaki hakupiga hizo simu kama zamani, na mtu wa fedha za umma (si nilikwambia uweke alama) anajua kwamba serikali inayotegemea ushuru wake haina haja ya kumnyenyekea mtu. Mwaka wa fedha 2002/03 KRA ilikusanya kama shilingi bilioni 200. Alipotoka, 2012/13, ilikuwa kama bilioni 800. Ukitoa mfumuko wa bei bado ni ongezeko kubwa, na ndilo lililolipa karibu kila kitu mnachokumbuka: shule ya msingi bila karo Januari 2003 ambapo watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani mwaka huo mmoja, CDF (zile pesa za maendeleo za kila eneo bunge), barabara, stima za vijijini.

Na ndilo lililompa kiburi. 2004 balozi wa Uingereza, Edward Clay, alisimama mbele ya watu akasema wakubwa wa serikali wanakula kwa pupa mpaka wanatapikia viatu vya wafadhili. Miaka ya tisini maneno kama hayo yangetikisa bajeti. Safari hii bajeti haikutikisika, na mwaka uliofuata Kibaki akaenda China. Barabara ya Thika iliyofunguliwa Novemba 2012 ilijengwa na makampuni ya China, kwa pesa za China, za Benki ya Maendeleo ya Afrika na za Wakenya wenyewe.

Lakini usidhani alikuwa yule mchumi wa vitabu anayeamini soko litafanya kila kitu. KCC ya maziwa ilikuwa imeuzwa kwa watu binafsi, serikali yake ikainunua tena 2003. KMC ya nyama ikafunguliwa 2006. Wachumi wengi wa Washington walikunja uso, lakini mfugaji ambaye alikuwa anamwaga maziwa akapata mahali pa kupeleka. Kwa upande mwingine reli ilikodishwa kwa mwekezaji 2006 na ikawa aibu tupu. Kwa hivyo alikuwa anajaribu tu, hiki kinafanya kazi, hiki hapana, songa mbele.

Sasa tuje kwa ile tabia. Kibaki alikuwa anakupa wizara halafu anakuacha. Alimpa Michuki uchukuzi, na Februari 2004 matatu zikawekwa mikanda, vidhibiti mwendo, ule mstari wa manjano, abiria 14 basi, na wenye matatu waligoma wakalia na rais hakutoka kuwatetea wala kumrudisha Michuki nyuma. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 Benki Kuu iliiacha iendelee ikiiangalia kwa karibu badala ya kuifungia mpaka sheria ipatikane, na mabenki walipolalamika 2008 Hazina ikakagua ikasema iko sawa. Nchi nyingi zingeizima. Huo ndio uchumi aliokuwa nao Ikulu, uwezo wa kukaa kimya wakati kitu kinajiendea vizuri, na mwanasiasa wa kawaida hawezi hiyo, mikono inamwasha.

Mwachie mtu mwema wizara, unapata Michuki. Iachie genge, unapata Anglo Leasing. Mikataba ya pasipoti na maabara za polisi ikapewa kampuni ambazo ukizitafuta huzipati, na John Githongo aliyekuwa ameajiriwa na Kibaki huyo huyo kupigana na ufisadi akaishia kukimbilia Uingereza 2005. Rais hakufoka na hakusimamisha mtu mpaka kelele zikazidi. Tabia ni moja kabisa, tofauti ni nani amepewa funguo.

Na siasa akaiacha vile vile. Aliingia na makubaliano na Raila Odinga, mshirika wake wa NARC, ya kugawana serikali nusu kwa nusu, hayakuheshimiwa, Novemba 2005 katiba yake ikabwagwa kwa kura za maoni, ndizi (ndiyo) dhidi ya chungwa (hapana), chungwa likapata asilimia kama 58. Mwenzangu, mtu wa takwimu anapopata namba kama hiyo anatakiwa ashtuke! Yeye akavunja baraza la mawaziri, akawatupa nje waliompinga, akaendelea kuangalia pato la taifa. Na pato lilikuwa linapendeza, 2007 lilikua kwa karibu asilimia 7, "kazi iendelee" ikawa imeandikwa kila ukuta. Mchumi anaangalia hiyo namba anasema nani atakataa hii? Ila asilimia saba ni wastani, na wastani haupigi kura. Kuna watu walikuwa wanaona magorofa yanaota upande mwingine wa barabara na majina ya wanaopewa kazi kubwa kubwa serikalini yanafanana, na hakuna grafu ya kuwatuliza hao. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yakatangazwa, akaapishwa jioni hiyo hiyo, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 wakafa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na uchumi uliokuwa unakua kwa asilimia saba 2008 ukashuka chini ya mbili. Kwa hivyo rafiki yako anapouliza mbona mchumi hakuzuia, jibu langu ni kwamba hakuwa anaangalia huko, na kwa kiasi fulani kutoangalia huko ndiko alikofunzwa tangu aya ya 133. Kuza keki kwanza.

Kuhusu bahati, ipo, tusijifanye. Kutoka 2003 hadi 2007 dunia nzima ilikuwa inakua, simu za mkononi zilikuwa zinaingia kila mahali Afrika hata nchi zenye marais wasiojua kujumlisha. Lakini bahati iligeuka pia. 2011 ukame, mafuta ghali, Benki Kuu ikachelewa kupandisha riba, shilingi Oktoba ikafika 107 kwa dola na mfumuko wa bei Novemba ukakaribia asilimia 20, kisha kwa hofu ikairusha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 18 ndani ya miezi michache, na waliokuwa na mikopo ya nyumba wakalia. Profesa wa uchumi alikuwa gavana, mchumi alikuwa rais. Digrii haikuzuia. Wazee wako nao hiyo hawaikumbuki, waulize.

Swali lako la mwisho, kama kusomea uchumi kunasaidia mtu kutawala. Manmohan Singh wa India, naye mchumi, alifungua uchumi wa India 1991 akiwa Waziri wa Fedha, na watu wengi wanaona alifanya kazi nzuri zaidi pale kuliko miaka kumi aliyokuwa Waziri Mkuu, wakati chini yake kashfa zilimiminika yeye akiwa kimya. Unaona inafanana? Mimi naona tatizo ni kwamba Waziri wa Fedha ana mtu juu yake wa kumalizana na siasa, yeye anabaki na hesabu. Ukishakuwa wewe ndio juu, siasa inakuja kwako kila asubuhi na hakuna wa kumsukumia.

Nilisema nitarudi Mandera. Baada ya moto wa 2008 akaunda wizara ya kaskazini mwa Kenya, barabara ya Isiolo kwenda Moyale ikawa inawekwa lami, na Machi 2012 akaenda Lamu kuzindua mradi wa bandari na barabara za kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Na tarehe 27 Agosti 2010, pale Uhuru Park, akainua katiba mpya. Mle ndani kaunti zinapewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu 204 kinaweka hazina ya usawazishaji, nusu asilimia ya mapato kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Sehemu gani hizo? Hizo hizo ambazo 1965 hesabu ilisema zingoje. Sijui kama siku hiyo, mzee wa miaka 78, alikumbuka yule naibu waziri kijana, uso wake haukuwahi kusema kitu. Hazina yenyewe ilichelewa na ikaburutwa mahakamani, hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Wewe tafuta aya ya 133 maktaba, isome pole pole, halafu fungua kifungu 204, halafu umpe rafiki yako asome zote mbili kabla hamjaanza kubishana tena.